Bluu imetoka zambarau: namna ya kuseti rangi kabla faili halijaenda kwa mchapaji au kwenye simu

Kuna kipindi nilibeba kazi ya kijitabu cha mkutano mkuu wa SACCOS moja, nakala mia tano, jalada la rangi, ndani nyeusi tupu. Kwenye laptopu yangu jalada lilikuwa bluu kali, bluu ya logo yao, mwenyekiti kaiona WhatsApp karudisha dole gumba, mimi nikapeleka PDF Kariakoo nikaenda zangu kulala. Keshokutwa nimefika kuchukua mzigo, nafungua boksi la kwanza nakutana na zambarau. Zambarau kabisa yani, kama kitambaa cha kwaresima. Nikamfuata fundi wa mashine nimevimba, akalichukua jalada akalisogeza dirishani, akalitazama, akaniambia taratibu tu, "Dogo, hiyo bluu yako kwenye wino hamna."

Nilimbishia karibu nusu saa afu nikarudi nyumbani nikafungua faili. Bluu yenyewe ilikuwa RGB 0, 0, 255, yani namba za taa za skrini, nyekundu, kijani na bluu, ile bluu ya juu kabisa ambayo skrini inaweza kutoa. Nikaikonvati kwenda CMYK, yani asilimia za wino wanne wa kuchapa, sayani (bluu ya mwanga), majenta (pinki nzito), njano na nyeusi ambayo ndo K, kwa setingi nilizokuwa nazo kwenye Photoshop, ikanipa C 88, M 77, Y 0, K 0. Sasa ukimwaga majenta 77 juu ya sayani 88 unapata nini kama sio zambarau? Fundi alikuwa sahihi na mashine ilikuwa sahihi, mjinga alikuwa mimi, na jalada nililirudia kwa hela yangu. Tangu hapo nikiona bluu kwenye kazi ya kuchapa naangalia kwanza majenta ipo chini ya sayani kwa pointi 30 hivi au zaidi, kama haipo naishusha kwa mkono. Ya kwao ilikuja kukaa vizuri kwenye C 100, M 60.

Haya ninayoandika hapa ndo yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya ule mzigo.

Skrini inatengeneza rangi kwa taa, nyekundu kijani na bluu, taa zote zikiwaka unapata nyeupe. Karatasi inafanya kinyume, karatasi ni nyeupe tayari, wewe unaipaka wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi, na kila wino unapunguza mwanga unaorudi machoni. Kwahiyo kuna rangi taa inaweza na wino hauwezi. Kijani kile cha kung'aa kama stabilo, chungwa la kitenge kipya, bluu ya kule juu, pinki ya kuwaka, zote hizo zikifika kwenye karatasi zinatulia. Niliwahi kudizaini katalogi ya vitenge nikateseka sana na chungwa, mwisho tukakubaliana na mwenye duka kwamba katalogi ni ya kuchagulia mchoro tu, rangi mteja aje aione dukani. Hilo halina setingi ya kulitibu. Setingi zinatibu yale mengine yote, na ndo mengi.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba zile namba zenyewe hazina maana zikiwa peke yake. Ukisema C 88 M 77 hujasema rangi bado, maana wino upi, karatasi gani, mashine gani? Ni kama mtu akuambie nakudai elfu moja. Elfu moja ya wapi? Ya Kenya au ya Tanzania? Namba ni ileile lakini moja unakula mchana na kinywaji juu, nyingine unapata chapati. Kinachosema namba hii ni hela ya nchi gani ndo kinaitwa profaili ya rangi, profaili ya ICC, hao ICC ni umoja ulioanzishwa 1993 na makampuni kama Adobe, Apple, Kodak na Microsoft ili rangi iweze kusafiri kutoka kifaa kimoja kwenda kingine bila kupotea njiani. Profaili ni kifaili kidogo kinachokaa ndani ya picha yako au PDF yako kikisema namba hizi zisomeke hivi.

Sasa kwenye Photoshop kuna vitu viwili vimekaa jirani kwenye menyu ya Edit na watu wanavichanganya kila siku, Assign Profile na Convert to Profile. Assign ni kuchukua noti yako ya elfu moja ya Tanzania, ukafuta neno Tanzania ukaandika Kenya. Namba haijabadilika ila thamani imebadilika ghafla, ndo maana picha inaruka rangi mbele ya macho yako. Convert ni kwenda byuro, unatoa shilingi za huku unapewa za kule, namba zinabadilika ili thamani ibaki ileile au karibu na ileile. Tisa kwa kumi unachotaka ni Convert. Assign ni ya pale umeletewa picha haina profaili kabisa na unajua au unakisia ilitoka wapi, basi unaipa sRGB maana picha nyingi za mtaani ni hiyo.

Na byuro kila ukienda wanakata chao. Ukibadilisha shilingi kwenda dola, dola kwenda shilingi, shilingi kwenda dola, jioni una hela pungufu na hujanunua kitu. Rangi hivyohivyo, RGB kwenda CMYK kurudi RGB kwenda CMYK tena, kila safari kuna kitu kinabaki njiani na hakirudi. Kwahiyo faili mama liache RGB na leya zake zote, usiliguse, na kukonvati ni mara moja tu, mwishoni, ukishajua linaenda wapi.

Linaenda wapi?

Hili swali muulize mchapaji kabla hujafungua programu. Mashine ni ofseti, ile inayochapa kwa pleti, yani bati la kila wino, au ni dijito, inayochapa moja kwa moja toka kwenye faili? Karatasi ni ya kung'aa, ile wanaita ati pepa, au ni bondi, ile ya kawaida isiyong'aa? Ana profaili anayotaka? Anataka PDF ya aina gani? Wengi watakujibu "lete PDF tu," sawa, lakini wachache watakujibu vizuri na hao ndo wa kurudi kwao. Karatasi usiichukulie poa hata kidogo. Bondi inakunywa wino, nukta za wino zinatanuka, rangi inafubaa na picha inakuwa nzito. Ati pepa wino unakaa juu, unawaka. Faili moja kwenye karatasi hizo mbili unaweza kuapa ni kazi za watu wawili.

Kama hukupata jibu lolote, mimi natumia Coated FOGRA39 kwa karatasi ya kung'aa. FOGRA ni taasisi ya utafiti wa uchapaji ya Ujerumani, na hiyo 39 imezoeleka sana kwenye ofseti, ipo ndani ya programu za Adobe tayari. Kwa bondi tafuta FOGRA47 au mpya yake FOGRA52. Ukifungua Edit, Color Settings kwenye Photoshop unaweza ukakuta imekaa kwenye North America General Purpose 2, maana yake CMYK yako inakonvatiwa kwa U.S. Web Coated SWOP v2. Hiyo Web sio intaneti, usidanganyike, ni mashine za majarida ya Marekani zinazokula karatasi ya roli. Ndo setingi iliyonipa ile 88 na 77. Badilisha uchague Europe General Purpose 3, hapo RGB inakuwa sRGB na CMYK inakuwa FOGRA39. Kama una Adobe zaidi ya moja fungua Bridge, programu nyingine ya Adobe, uweke hiyo hiyo kwa zote, la sivyo Illustrator inasema hivi InDesign inasema vile.

Kwa mashine za dijito na zile za mabango makubwa habari ni tofauti kidogo. Hizi zina programu yao ya kutafsiri rangi, ile RIP, na mara nyingi zina uwezo wa rangi mpana kuliko ofseti. Ukiwapelekea CMYK ya FOGRA39 umeshawakatia rangi ambazo wangeweza kuzitoa. Kuna jamaa wa mabango wananiambia niwape RGB yenye profaili ndani yake, naona matokeo yanakuwa mazuri zaidi, hasa kwenye bluu na kijani. Wengine ukiwapa RGB mashine yao inavuruga. Hapa dawa ni kuprinti kipande kidogo, kama hatua moja ya mguu, kabla ya kumwaga mita kumi.

Kuekspoti

Illustrator, kabla hujachora kitu hakikisha juu pale kwenye jina la faili imeandikwa CMYK kama kazi ni ya kuchapa, kama sio nenda File, Document Color Mode. Ukibadilisha katikati ya kazi kagua rangi moja moja, maana utakuta vitu kama C 63.28, M 1.17, desimali desimali, hizo ni alama kwamba rangi imetokea RGB. Zinyooshe, andika namba nzima.

InDesign, ile ya kupanga kurasa, ndo kuna mtego mkubwa. Unaenda File, Export, Adobe PDF Print, upande wa kushoto kuna kipengele cha Output. Kuna Color Conversion yenye machaguo matatu. La kwanza, No Color Conversion, linaacha kila kitu kilivyo, RGB inabaki RGB, unamwachia mchapaji. La pili Convert to Destination linakonvati kila kitu kwenda profaili uliyochagua hata zile rangi ambazo tayari ni CMYK. La tatu ni Convert to Destination ila lina maneno Preserve Numbers mwishoni. Chagua hilo la tatu. Kwanini? Kwasababu lile la pili, kama profaili ya dokumenti yako ni SWOP na unapeleka FOGRA39, litachukua maandishi yako ya nyeusi tupu K 100 litayapeleka byuro yarudi yakiwa na sayani na majenta na njano ndani. Lile la tatu linakonvati picha zako za RGB, ila namba za CMYK ulizoweka mwenyewe linaziacha.

Aina ya PDF, juu pale kwenye Standard, kama mchapaji ana vifaa vya miaka ya karibuni mpe PDF/X-4, inabeba vivuli na vitu vya kupenyeza mwanga bila kuvibomoa, inaruhusu hata RGB yenye profaili. Kama mashine zake za kutolea pleti ni za kizamani mpe PDF/X-1a, hiyo ni ya tangu 2001, hairuhusu RGB kabisa, kila kitu CMYK au rangi maalum (wino uliochanganywa tayari) na vivuli vinayeyushwa. Ina sifa moja tu, haina mshangao.

Kwenye madirisha ya Photoshop ya Color Settings na Convert to Profile utakutana pia na kitu Intent. Perceptual inazibana rangi zote kwa pamoja ili zile za nje ya uwezo wa wino ziingie ndani na uhusiano wao ubaki, Relative Colorimetric inaacha zilizomo ndani kama zilivyo inavuta za nje tu mpaka ukingoni. Mimi naacha Relative na nimetiki Black Point Compensation, nikiona picha ina maua mekundu yamekuwa bonge moja la rangi bila mikunjo najaribu Perceptual. Zile nyingine mbili sijawahi kuzihitaji kwa kazi za watu wa kawaida.

Nyeusi, nyeusi, nyeusi

Kama utasoma sehemu moja tu soma hii. Watu wanahangaika na bluu na kijani wakati kazi nyingi zinaharibikia kwenye nyeusi.

Nyeusi ya RGB, 0 0 0, ukiikonvati kwa SWOP inakuwa C 75, M 68, Y 67, K 90. Jumlisha, ni 300. Kwa FOGRA39 inakuwa 91, 79, 62, 97, jumla 329. Sasa fikiria herufi ndogo ya pointi 9 kwenye ukurasa wa taarifa ya fedha, imechapwa kwa wino wanne, kila wino na pleti yake, karatasi ikiteleza robo ya milimita tu herufi inapata kivuli cha pinki upande mmoja na cha sayani upande mwingine. Unasoma unahisi macho yanakuuma, unadhani unahitaji miwani. Na mchapaji akikosea kukausha, wino wote huo unahamia nyuma ya karatasi inayofuata.

Maandishi yawe C 0 M 0 Y 0 K 100. Basi. Hamna mjadala. Kwenye InDesign ile rangi iliyoandikwa Black kwenye mabano ya mraba ndo hiyo na yenyewe inachapwa juu ya rangi nyingine bila kuitoboa, kwahiyo hata karatasi ikiteleza hamna mstari mweupe pembeni ya herufi.

Ukitaka eneo kubwa jeusi, labda jalada zima, K 100 peke yake inatoka kijivu kizito, kama shati jeusi lililofuliwa mara nyingi. Hapo ongezea chini yake, mimi natumia 60, 40, 40, 100, jumla 240, linatoka jeusi la maana. Ila usiweke maandishi meupe madogo ndani ya hilo jeusi, wino ukisogea kidogo herufi zinazibwa. Kama lazima yawepo yafanye manene, au tumia sayani 40 na K 100 tu, angalau wino ni wa aina mbili sio nne.

Na ile rangi inaitwa Registration iliyopo kwenye orodha ya InDesign na Illustrator, inaonekana nyeusi nzuri, usiitumie kwenye kitu chochote, ni 100 ya kila wino, jumla 400, ipo kwa ajili ya alama za kukatia pembeni tu. Kiwango cha wino ambacho profaili ya FOGRA39 inavumilia ni kama 330 kwa karatasi ya kung'aa, na kwa karatasi ya gazeti profaili yake ya ISOnewspaper26v4 ni 240. Kwa bondi mimi sipiti 300.

Utajuaje nyeusi yako ipoje? Kama una Acrobat Pro fungua PDF, tafuta Output Preview kwenye zana za Print Production. Utaona majina ya wino wanne yana tiki. Toa tiki kwenye Black. Maandishi yakipotea yote ukurasa ukabaki mweupe, safi, ni K peke yake. Yakibaki kama mavumbi ya kahawia, umeumia, rudi ukarekebishe. Hapohapo chini kuna Total Area Coverage, weka 300 uone inapaka rangi sehemu zipi. Hiyo kazi ya kutoa tiki ni sekunde mbili na imeniokoa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye huu mwongozo.

Huna Adobe

Wengi hatuna au tunayo ya kuazima. Canva ya bure inakupa RGB tu, ya kulipia ukichagua PDF Print unaona chaguo la CMYK, ila haikuulizi profaili na wala huwezi kuitengenezea nyeusi ya K 100 kwa namba. Kwa mabango na kadi za dijito inatosha. Kwa kitabu cha ofseti chenye maandishi mengi, usifanye, kaa nayo kwenye jalada tu.

Word haina CMYK kabisa, kwahiyo usimtese. Kitabu cha ndani nyeusi tupu andika Word, hakikisha maandishi yapo Automatic sio yale ya kijivu-bluu ya vichwa vya habari ambayo Word inapenda kukuwekea, toa PDF, afu uipitishe kwenye Ghostscript iwe kijivu yote. Ghostscript ni ya bure, unaandika mstari mmoja kwenye dirisha la amri:

gs -o kitabu-nyeusi.pdf -sDEVICE=pdfwrite -sColorConversionStrategy=Gray -dProcessColorModel=/DeviceGray kitabu.pdf

Kwenye Windows badala ya gs unaandika gswin64c. Ikishatoka hiyo nyeusi ni nyeusi, hamna sayani iliyojificha. Na kuna nyingine tamu zaidi:

gs -o - -sDEVICE=inkcov kitabu-nyeusi.pdf

Hii inakutolea kila ukurasa namba nne, wino wa C, M, Y na K. Ukurasa wenye 0.00000 tatu za mwanzo ni mweusi tupu. Ukurasa wenye chochote kwenye hizo tatu utahesabiwa wa rangi na utalipia wa rangi. Nilikuwa na kitabu cha kurasa mia na kitu, mchapaji wa dijito ananiambia kurasa za rangi 31, mimi najua nina picha za rangi kwenye kurasa 6. Kumbe kiungo cha barua pepe kilichopo chini ya kurasa zile nyingine Word ilikipaka bluu yake ya viungo. Herufi kumi na kitu za bluu zilikuwa zinaniongezea bei ya kurasa 25.

Ukitaka kupanga kitabu au jarida kwa programu ya bure tumia Scribus, inajua CMYK, inajua profaili, inatoa PDF/X. Sura yake ni ya kizamani, utaizoea. Inkscape ni nzuri kwa logo ila kwa kuchapa peleka mchoro Scribus ukampe rangi zake za CMYK huko. Profaili za FOGRA zinapatikana bure, unazidaunlodi unaziweka kwenye kompyuta, kwenye Windows ni kubofya kulia afu Install Profile.

Kwenda kwenye skrini

Upande huu ni mwepesi, ila una vituko vyake. Kila kitu kiwe sRGB na profaili iwe ndani. sRGB ilitengenezwa na HP na Microsoft 1996 na mpaka leo ndo lugha ambayo simu, kompyuta na kivinjari chochote kinaielewa, hata ikikuta picha haina profaili inakisia ni hiyo. Picha za iPhone kuanzia 7 zinakuja na Display P3, rangi pana zaidi, ukizipeleka kwenye programu isiyojua kusoma profaili zinaonekana zimepauka. Zikonvati sRGB kabla ya kuzitupia popote.

Kituko kikubwa ni mtu kuchukua JPEG ya CMYK aliyopewa na mchapaji akaituma kwenye grupu. Kwenye simu moja inaonekana sawa, nyingine imekuwa na rangi za ajabu kama negativu ya picha za zamani, nyingine haifunguki. JPEG ya CMYK haina kazi kwenye simu. Na usiichukue PDF ya kuchapa ukaikonvati kurudi RGB ukitegemea rangi zitarudi kuwaka, zilishabaki byuro. Rudi kwenye faili mama la RGB toa nakala mpya. Ndo maana nilisema usiliguse. Kama mama halipo, PDF ya CMYK ndo hiyo tu uliyonayo, basi Acrobat ina Convert Colors, ipeleke sRGB, itafanana na karatasi na utaridhika hivyohivyo.

WhatsApp inabana picha. Ukitaka rangi na herufi zifike salama tuma kama dokumenti. Na mteja akisema rangi sio yenyewe muulize kwanza simu yake ipoje. Samsung nyingi zinakuja kwenye Vivid, zinachangamsha kila kitu, mwambie aweke Natural. Usiku simu inageuka njano kwa ajili ya kulinda macho. Mwenyekiti wangu wa SACCOS alipitisha bluu ile saa nne usiku, sijui alikuwa anaona rangi gani.

Kabla hujasema sawa

Laptopu nyingi zina mwanga mkali kupita kiasi, ndo sababu kubwa ya ule mlalamiko kwamba picha zimetoka giza. Karatasi haina taa nyuma. Weka karatasi nyeupe pembeni ya skrini yenye ukurasa mweupe, shusha mwanga mpaka vifanane. Utashangaa umeshuka hadi wapi.

Kwenye Photoshop nenda View, Proof Setup, Custom, chagua profaili ya mchapaji, tiki Simulate Paper Color. Picha itapauka ghafla utajisikia vibaya. Geuza macho pembeni wakati unatiki, afu urudi uiangalie, jicho likishazoea utaona kumbe ndo itakavyokuwa. Ctrl na Y unawasha unazima. Ctrl Shift Y inapaka kijivu sehemu zote ambazo wino hauzifikii, na mimi bluu yangu ya 255 ingekuwa imepakwa yote tangu siku ya kwanza.

Afu dai prufu ya karatasi, yani nakala ya majaribio, kwenye karatasi ileile ya kazi, sio kwenye printa ya ofisini kwao. Iangalie kivulini karibu na dirisha, sio chini ya ile taa yao ya bluu bluu. Ukiridhika saini juu ya prufu yenyewe, weka tarehe, mwachie fundi aibandike pembeni ya mashine, na nyingine kama hiyo ondoka nayo.